Nilienda kutolewa fibroidi, nikatoka sikio la kulia halisikii. Uzi kwa yeyote anayetarajia kufanyiwa upasuaji

#1 Cherehani ya Moro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara tatu. Leo naumaliza kwa sababu juzi mteja wangu mmoja wa sare za shule kaniambia anaingia upasuaji wiki ijayo, nikajikuta namweleza mambo ambayo mimi hakuna aliyenieleza. Nikaona bora niyaweke mahali ambapo na wengine watayakuta.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro, umri miaka 43, mama wa watoto watatu. Mwaka jana mwezi wa tano nilifanyiwa upasuaji wa fibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi. Ulikuwa na miaka, damu zinatoka mpaka naona kizunguzungu nikiinuka, dokta akasema hapa hakuna namna, ni kisu. Hospitali siitaji, na naomba msinifuate PM kuniuliza. Tumbo langu lilipona na kwa hilo nawashukuru. Ninacholeta hapa ni habari ya sikio.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilichomwa ganzi ya mgongo, mguu wa kushoto ukafa kabisa, wa kulia nikawa bado nasikia wakinifinya. Wakasubiri, wakafinya tena, nikasema naumia. Ndipo wakaamua kunipa nusu kaputi. Nilipozinduka koo linawasha kwa ajili ya ule mpira wa kupumulia, na dada yangu akaniambia nilipoteza damu nyingi, presha ikashuka, nikaongezewa chupa mbili. Yote haya nayataja kwa sababu mbele huko kila kimoja kiliulizwa.

Jumatano usiku nikaanza kusikia mlio upande wa kulia. Mwembamba, haukatiki, kama mtungi wa gesi unaovuja. Nikamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kama na yeye anausikia, akasema hapana. Nikageukia ukuta nikalala.

Alhamisi asubuhi mume wangu akapiga simu. Nikapokea, nikaweka sikio la kulia kama nilivyozoea maisha yangu yote, kimya. Nikatazama kioo cha simu, dakika zinahesabu. Nikaweka tena, kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, kimya. Nikasema moyoni hii simu spika imekufa, ilianguka lini? Nikataka kukata, na katika kuishusha ikapita karibu na sikio la kushoto nikamsikia anaita, "Haloo, mama Neema, unanisikia? Haloo?" Sauti safi kabisa. Nikarudisha kulia. Hakuna kitu. Nikarudisha kushoto, yupo. Nilifanya hivyo kama mara sita huku yeye anaita tu, mpaka akaogopa akampigia dada.

Nilimwambia sista wa zamu. Akaniuliza kama sikio linauma, nikasema haliumi. Linatoa usaha? Halitoi. Akasema, "Hiyo ni dawa ya usingizi bado iko mwilini, itaisha." Madaktari walipopita raundi nikarudia maneno yale yale. Wakafunua bandeji, wakatazama mshono, wakasema mshono mzuri, nimeshajamba? Nikasema ndiyo. Basi, nianze uji. Ijumaa nikaruhusiwa. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa sikio halimo hata neno moja. Nimeitazama karatasi hiyo mara nyingi sana.

Sisemi walinidharau. Nilikuwa mgonjwa wa tumbo kwenye wodi ya wagonjwa wa tumbo, na kila aliyekuja kitandani kwangu alikuja kutazama tumbo. Na mimi mwenyewe niliona aibu kulalamikia sikio wakati wenzangu wana mirija ubavuni.

Nyumbani ndipo nilipopoteza siku. Wiki ya kwanza nikapewa dawa ya matone duka la dawa, wakasema fangasi. Wiki ya pili nikaenda zahanati wakasema ni uchafu umeziba, wakalisukuma maji ya vuguvugu na bomba la sindano. Uchafu ukatoka kidogo, wakafurahi, mimi bado sisikii. Kizunguzungu nacho kikaniandama, nikiinuka chumba kinazunguka, watu wakasema ni upungufu wa damu, kula mchicha na rozela.

Siku ya 19 ndipo nikakaa mbele ya daktari wa masikio, pua na koo, Dar. Na nilifika kwake kwa bahati tu, shemeji yangu alikuwa anampeleka mtoto mwenye tonsili.

Yule daktari alinisikiliza kama dakika mbili, akauliza lini, nikamwambia. Akarudia tarehe, akaandika, akaitazama tena. Nikaona uso umebadilika. Akachukua uma wa chuma wenye ncha mbili, akaupiga kwenye kiwiko chake, akausimamisha katikati ya paji la uso wangu. "Unausikia wapi?" Nikasema kushoto. Akaupiga tena. "Wapi?" Kushoto. Akasema kama sikio la kulia lingekuwa limezibwa na uchafu au maji, mvumo ule ungeelemea kulia, upande ulioziba. Ukikimbilia sikio zima maana yake tatizo liko ndani, kwenye sikio la ndani lenyewe au mshipa wa fahamu.

Wakanipeleka kwenye kichumba kimezibwa kuta zote kwa sponji, nikavishwa spika za masikioni, nikapewa kitufe. Ukisikia mlio hata kwa mbali, bonyeza. Sikio la kushoto nilibonyeza weee mpaka raha. Walipohamia kulia nikakaa na kidole juu ya kitufe. Nikakaa. Nikamwona mpimaji kwenye kioo anasogeza mkono kwenye mashine, anasogeza tena, ananitazama. Nikajua ananipigia sauti na mimi sisikii. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nifanyiwe upasuaji.

Karatasi ya majibu ina mistari miwili. Wa kushoto ni alama za X za bluu, zimejipanga juu. Wa kulia ni viduara vyekundu, viko chini kabisa, kwenye desibeli 80 na 85. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na namba hiyo ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaanza kuisikia, kwa hiyo ikiwa kubwa ndivyo sikio lilivyo bovu zaidi. Kwa maelezo yao, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili wamekaa yana kama desibeli 60. Yaani upande wa kulia mtu akinisemesha kawaida hata hanifikii.

Ugonjwa wenyewe akaniambia ni kupoteza usikivu ghafla. Kipimo wanachotumia madaktari ni kwamba usikivu umeshuka desibeli 30 au zaidi kwenye mawimbi matatu ya sauti yanayofuatana (toka nene kwenda nyembamba), ndani ya siku tatu. Na akasema sentensi ambayo ndiyo sababu ya uzi huu: "Hii ni dharura, mama. Kama vile jicho linavyoweza kuzima ghafla na kila mtu akakimbia, na sikio ni hivyo hivyo."

Kwa sababu dawa yenyewe, steroidi kama prednisoloni, inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na siku za mwanzo kabisa ndizo bora. Mimi nilikuja siku ya 19. Kwangu vidonge vilikuwa vimechelewa, na kidonda bado kibichi, na steroidi huchelewesha kidonda kupona. Akasema bado kuna njia moja ambayo hujaribiwa mpaka kama wiki ya sita: kuchoma deksamethasoni, steroidi nyingine, moja kwa moja ndani ya sikio, kupitia ngoma ya sikio.

Nilichomwa mara nne, wiki kwa wiki. Unalala ubavu, sikio bovu juu. Wanatia ganzi ngoma ya sikio, inauma kama kung'atwa na siafu, halafu sindano ndefu nyembamba. Dawa inapoingia unaisikia, ni kama mtu kakumwagia maji moyoni mwa kichwa, na kitanda kinayumba. Halafu unaambiwa ulale hivyo hivyo nusu saa, usiongee, na usimeze mate, kwa maana ukimeza, ule mrija unaotoka sikioni kwenda kooni unafunguka na dawa inakimbilia kooni. Jaribuni kukaa nusu saa bila kumeza mate. Nilikuwa nashika kitambaa mdomoni nahesabu mapanga ya feni.

Na nilipigwa MRI ya kichwa, kwa sababu mara chache uvimbe kwenye mshipa wa kusikia hujitokeza kwa namna hii hii. Haukuwepo. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Matokeo: kutoka desibeli 85 nimeshuka mpaka 60 hivi, yaani usikivu umepanda kidogo. Sauti naipata sasa, ila maneno hayaeleweki, ni kama redio iliyokosa stesheni. Mlio upo. Naandika huu uzi na upo.

Nawasilisha. Maswali nitajibu, nikichelewa mjue nina oda ya sare.

#2 Mkulima wa Njombe

Pole sana dada. Sasa waliwahi kukuambia sababu ni nini hasa? Maana tumbo na sikio wapi na wapi.

#3 Cherehani ya Moro

Mkuu, hilo swali nilimuuliza daktari mara tatu kwa siku tatu tofauti. Mara ya tatu akachukua karatasi akanichorea konokono.

Akasema ndani kabisa ya sikio kuna mrija umejiviringisha kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu. Ukiukunjua wote una milimita 35 tu, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Ndani yake kuna chembe hai zenye vinyweleo, karibu elfu kumi na tano kwa kila sikio, hizo ndizo zinazogeuza sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Kuku zake huota, za mtu hapana. Na hizo zote zinalishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu, hakuna wa akiba. Kwingine mwilini mshipa ukiziba kuna njia za panya za kuzunguka, pale hakuna.

Basi akasema kwa mgonjwa aliyepoteza damu na presha ikashuka kama mimi, inawezekana konokono yule alikosa damu kwa muda. Inawezekana kijidonge cha damu kilipita. Inawezekana ni shinikizo la maji baada ya ile ganzi ya mgongo. Inawezekana hata ni kirusi kilichokuwa kimelala mwilini kikaamka wakati mwili umechoka. Wengi wenye tatizo hili sababu haipatikani hata wakichunguzwa, wawe wamepasuliwa au hawajapasuliwa. Aliniambia wazi kwamba hawezi kuapa mbele ya mtu kuwa ni upasuaji.

Nilikasirika siku hiyo. Nilitaka jina la kitu cha kukilaumu. Ila afadhali alivyonijibu kuliko wale walionipa majibu ya haraka haraka, fangasi, uchafu, damu.

#4 Zamu ya Usiku

Dada, mimi ni mtaalamu wa usingizi, nipo chumba cha upasuaji mwaka wa 14 sasa. Nimeusoma uzi wako nikiwa zamu, umeniuma. Naomba niongeze kitu kwa faida ya wote maana hapa kuna mambo mawili watu watayachanganya.

Ganzi ya mgongo: sindano inapita kwenye utando unaofunika uti wa mgongo, na nyuma yake inaacha kitundu. Maji yanayouzunguka ubongo na uti yanaweza kuvuja kidogo kidogo. Mnajua wale kina mama wa upasuaji wa uzazi wanaoumwa kichwa kikali wakikaa, wakilala kinatulia? Ndiyo hiyo. Sasa maji ya sikio la ndani yameunganika na maji ya ubongo kwa kijinjia chembamba sana. Maji huku yakipungua, shinikizo ndani ya sikio nalo linashuka, na mgonjwa anaanza kusikia kama yuko chini ya maji, hasa zile sauti nene, za besi. Mara nyingi ni kidogo hata mgonjwa hajui mpaka apimwe, na kwa walio wengi hurudi ndani ya siku chache. Sindano nyembamba zenye ncha iliyochongwa kama penseli zimepunguza sana tatizo hili. Isiporudi, kuna utaratibu wa kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe mkononi na kuichoma pale pale mgongoni izibe kitundu.

Nusu kaputi: kuna gesi moja ya zamani, naitrasi oksaidi, huingia kwenye uwazi wa sikio la kati na kubadili hewa ya mle. Mpira wa puani ukikaa siku nyingi nao unaweza kuziba mrija wa sikio, maji yakajaa. Haya ni ya mlangoni, yaani kabla ya kufika sikio la ndani, yanatibika vizuri.

Lako, kwa ulivyoeleza, ni la ndani na zito. Hilo ni adimu mno baada ya upasuaji wa tumbo. Nimeona mmoja tu miaka yote hii, na sasa najiuliza ni wangapi walisema na hatukuandika. Nakubaliana na wewe kuhusu kutazama mshono peke yake. Sisi wa usingizi tukimaliza kesi tunampita mgonjwa wodini mara moja, wakati mwingine hata hiyo moja haipo kwa sababu kesi ya dharura imeingia. Tangu jana nimeanza kuuliza: unasikia masikio yote mawili? Ni sekunde tano.

Na mtu akiwa mbali na hospitali kubwa, hana uma wa chuma, afanye hivi: afunge mdomo avume "mmmm" ndefu. Mvumo ukielemea sikio bovu, mara nyingi ni la mlangoni. Ukielemea sikio zima, usisubiri kesho. Hata hivyo aende kupimwa, hii ni ya kujua uzito tu.

#5 Cherehani ya Moro

Zamu ya Usiku, asante kaka. Hapo pa "tangu jana nimeanza kuuliza" nimeparudia mara nyingi.

Nimevuma "mmmm" hapa dukani, mwanangu kanikodolea macho. Unaenda kushoto.

#6 Bint Kisauni

Asalam alaikum dada yangu, pole nyingi kutoka Mombasa. Mimi yangu ni ile aliyoitaja huyo kaka wa usingizi. Nilijifungua kwa upasuaji, ganzi ya mgongo, mtoto mzima alhamdulillah. Siku ya pili nikiketi kumnyonyesha kichwa chanipasuka, na masikio yote mawili kama nimezama baharini. Mtoto akilia namsikia kwa mbali kama yuko nyumba ya jirani, na yuko kifuani mwangu. Nikilala chali vyote vyaisha. Nikaambiwa ni uchovu wa uzazi, nilale nipate usingizi.

Mama mkwe ndiye aliyekataa. Alisimama pale mlangoni mwa wodi, asema haondoki mpaka aje daktari amtazame mke wa mwanawe. Akaja mkubwa wa usingizi, nikachomwa ile ya damu yangu mwenyewe mgongoni. Sikungoja hata saa mbili, masikio yakafunguka kama mtu kafungua dirisha. Mpaka leo nasikia sawa.

Kwa hiyo kina mama, mwambie na mtu wa nyumbani kwako. Wewe unaumwa, huna nguvu ya kubishana, yeye anayo.

#7 Jemedari255

Mafuta ya habbat soda na kitunguu saumu, pasha moto kidogo, tia matone matatu usiku kucha siku saba. Bibi yangu alisikia tena. Mahospitali wanapoteza pesa zenu tu.

#8 Cherehani ya Moro

Mkuu, najua umeandika kwa nia njema na bibi namheshimu. Lakini naomba niseme kwa nguvu ili anayepita hapa asije akakosea. Tatizo hili liko nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa. Unachomimina kutoka nje hakifiki huko. Kama bibi alikuwa na uchafu uliokauka, mafuta yaliulainisha ukatoka, akasikia, ni kweli kabisa. Kwangu mimi matone yalikula wiki moja na kulisukuma maji kukala nyingine, na zile wiki mbili ndizo hasa zilizokuwa na thamani. Tena ngoma ikiwa imetoboka mafuta ya moto ni hatari.

Na kinyume chake pia: msikimbilie duka la dawa kununua predni na deksa wenyewe. Najua zinapatikana, wadada wananunua za kuongeza mwili. Hizi dawa zinapandisha sukari na presha, zinachelewesha kidonda cha upasuaji. Mimi kabla ya sindano nilipimwa sukari, presha, na mshono ukatazamwa.

#9 Kijana wa Mwanza

Mleta uzi, je ulipewa jentamaisini, ile antibiotiki ya sindano, wodini? Nauliza kwa sababu mimi masikio yangu yalikwenda kwa sindano za TB sugu. Kanamaisini, kila siku, miezi. Ilianza na mlio, halafu sauti nyembamba zikapotea: ndege, alamu ya simu, herufi "s" kwenye maneno ya watu. Masikio yote mawili. Shirika la Afya Duniani baadaye lilishauri kanamaisini isitumike tena kwa TB sugu, wenzetu wa sasa wanameza vidonge. Mimi nimepona TB, navaa mashine mbili za kusikia.

Jentamaisini ni ndugu yake, na ni dawa inayookoa watu sana, siwatishi. Ila figo zikiwa dhaifu, au ukiwa unapewa pamoja na Lasix (dawa ya kukojoza maji), hatari ya masikio inapanda. Pia kuna familia ambazo kwa kurithi upande wa mama, dozi ndogo tu inatosha kuua masikio. Kwa hiyo kama kwenu mjomba au mama mdogo alikuwa kiziwi baada ya sindano, sema kabla hujachomwa.

#10 Cherehani ya Moro

Pole kaka, na hongera kwa kupona.

Ndiyo, nilipewa, siku mbili. Daktari wa masikio aliliuliza hilo. Akasema dawa za kundi hilo kwa kawaida hupiga masikio yote mawili, na huanzia sauti nyembamba. Langu ni moja, na limeshuka sauti zote. Ndiyo maana akaiweka chini kwenye orodha yake, ila hakuifuta.

Hii habari ya herufi "s" imenigusa. Wazee wetu wengi wakimeza kwinini walikuwa wanasema masikio yanavuma, na tulichukulia kawaida, homa ikiisha na mvumo unaisha. Nadhani ndiyo maana hata mimi mlio wa Jumatano haukunishtua. Tumezoea kwamba masikio yakilia ni dawa, yataacha.

#11 Mtoto wa Mzee Kapteni

Baba yangu alifanyiwa upasuaji wa moyo, ule wa kusimamisha moyo na kuunganishwa mashine. Siku ya tatu akasema sikio la kushoto halipo. Bahati yetu ni kwamba hapo walikuwa wanalijua. Walituambia kwa upasuaji wa aina hiyo hutokea kama kwa mgonjwa 1 kati ya 1,000, vijipovu au vijidonge vya damu vinaweza kwenda kukwama kwenye mshipa wa sikio. Aliitwa mtu wa masikio siku hiyo hiyo, kwanza wakahakikisha si kiharusi: uso haujapinda, anaongea sawa, anatembea hayumbi. Akaanzishiwa dawa. Usikivu wake ulirudi karibu wote.

Sikuja kukuumiza dada. Nataka tu watu wajue kuwa inawezekana.

#12 Cherehani ya Moro

Hujaniumiza. Nimefurahi kwa ajili ya mzee.

Niweke sawa jambo moja ili nisije nikawa nadanganya watu. Sijui kama ningetibiwa siku ya tatu ningepona. Daktari aliniambia kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya watu hupata nafuu hata bila dawa, wengine hawapati hata wakitibiwa mapema. Kizunguzungu kikija pamoja, kama changu, si dalili nzuri. Nilichokosa ni kujaribiwa kwa wakati. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kuna ndugu kaniuliza PM maisha yanakuwaje na sikio moja. Nimjibu hapa.

Sauti haina upande tena. Mtu akiniita sokoni nasikia nimeitwa, naanza kuzunguka kama kuku. Bodaboda ikitokea kulia sijui ipo mpaka inipite, mara mbili nimeponea chupuchupu, sasa sivuki barabara pale stendi ya Msamvu peke yangu kama mwanangu yupo. Nikilalia sikio zima nyumba nzima inazima, mwanangu mdogo alitapika usiku nisisikie, asubuhi nikamkuta kajifunika kanga yenye matapishi. Tangu siku hiyo nalalia la kulia, hata kama ubavu unauma.

Dukani wateja wa upande wa kulia walisema nimekuwa na maringo. Mmoja alihamisha oda ya sare za harusi, akamwambia mtu kwamba nilimnunia. Hakuna aliyeniuliza. Nimegeuza cherehani sasa, nimekaa ukuta ukiwa kulia kwangu na mlango kushoto. Kwaya nimehamia mwisho wa mstari mkono wa kulia, ili wenzangu wote wawe upande wa sikio linalosikia. Mwalimu wa kwaya alipinga siku ya kwanza kwamba mimi ni sauti ya pili na nafasi yangu ni katikati. Nikamwambia nikikaa katikati naimba na nusu ya kwaya. Akanyamaza, akanipisha.

#13 Mkulima wa Njombe

Kwa nini usiwashtaki?

#14 Cherehani ya Moro

Nilifikiria, mkuu. Nilienda kuomba nakala ya faili langu, na hilo nawashauri wote, ni haki yako, omba na ile karatasi ya usingizi yenye presha na dawa zilizotumika, ndiyo iliyomsaidia daktari wa masikio kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Lakini mshtakiwa ni nani? Damu iliyotoka? Nilienda kuonana na matroni. Nikampa karatasi ya kuruhusiwa na karatasi ya viduara vyekundu, nikaziweka pamoja mezani. Alizitazama muda mrefu. Akaniomba azipige picha.

#15 Cherehani ya Moro (mrejesho)

Wakuu, nimerudi, ni wiki tano tangu nilete uzi.

Yule mteja wangu wa sare niliyemtaja mwanzo. Alifanyiwa upasuaji wake, kibofu cha nyongo. Siku ya pili jioni binti yake akanipigia, anahema. "Mama anasema niite fundi. Anasema sikio la kushoto linapiga mlio na simu haisikii." Nikamwambia mwite sista, mwambie neno "ghafla", mwambie tangu leo, akikwambia itaisha mwambie naomba iandikwe kwenye faili. Wakavuma "mmmm", ikaenda kulia. Binti akanirekodia nisikie sista anasema "subiri nimpigie dokta".

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa kwa daktari wa masikio, kwenye kiti cha magurudumu, na mpira wa dripu bado mkononi. Kipimo cha kwanza kilionyesha desibeli 55. Sukari imepimwa, vidonge ameanza siku ile ile.

Jana nilienda kumtazama na uji wa ulezi. Nikakaa kushoto kwake, yeye akawa kulia kwangu, masikio yetu mabovu yakakutana tukashindwa kusikilizana, ikabidi tuhamishe viti. Kipimo cha pili ni Alhamisi. Nitaleta majibu hapa hapa.